Elektrolisisi: Jinsi ya kupunguza maumivu ya kuondoa nywele bila kuhatarisha maisha

Nywele chache zinazoota kidevuni au juu ya mdomo wa mwanamke huonekana jambo dogo kwa asiyekuwa nazo. Kwa aliye nazo, zinaweza kuwa sababu ya kuamka kabla ya wengine kila alfajiri ili kunyoa, kujifunika uso sokoni, au kukwepa kupigwa picha kwenye harusi ya ndugu yake.

Katika mji wa Kamembe, makao ya wilaya ya Rusizi iliyokuwa ikijulikana kama Cyangugu, kusini magharibi mwa Rwanda, njia za kukabiliana na nywele hizo ni zile zile zinazotumika kwingineko Afrika Mashariki: wembe, kibano, uzi, au nta ya sukari na limau. Zote huondoa unywele unaoonekana, na zote huuacha mzizi ukiwa hai.

Elektrolisisi, yaani kuunguza mzizi wa unywele kwa umeme unaopitishwa kwenye sindano nyembamba, ni tofauti. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, inaitambua kuwa njia inayoondoa nywele kabisa, wakati mashine za leza zimeruhusiwa kutangazwa kuwa zinapunguza nywele kwa muda mrefu tu.

Lakini elektrolisisi inauma, na hofu ya maumivu hayo huwafanya baadhi ya watu kuacha matibabu katikati. Wengine hujipaka dawa kali za ganzi bila ushauri wa mtu yeyote. Maumivu yenyewe yanaweza kupunguzwa kwa njia rahisi na salama. Jambo linaloweza kuua si sindano, bali ni kile ambacho mtu hukipaka au kukimeza ili asiisikie sindano hiyo.

Elektrolisisi hufanyaje kazi?

Kila unywele huota ndani ya kinyweleo, kishimo chembamba kilichomo ndani ya ngozi. Mtaalamu huingiza sindano nyembamba katika kishimo hicho, sambamba na unywele, bila kuitoboa ngozi. Kisha hupitisha umeme kwa muda mfupi na kuutoa unywele kwa kibano.

Zipo aina tatu. Ya kwanza, galvaniki, hutumia mkondo wa umeme unaokwenda upande mmoja. Mkondo huo hubadilisha maji na chumvi iliyomo kwenye kinyweleo kuwa magadi makali, ambayo huuharibu mzizi polepole. Ya pili, themolisisi, hutumia mawimbi ya umeme ya kasi kubwa yanayozalisha joto, na kazi yake kwa kila unywele huweza kumalizika kwa sekunde chache au chini ya hapo. Ya tatu huchanganya njia hizo mbili.

Mizizi ya nywele imezungukwa na neva nyingi za hisia, na ndiyo maana hata upepo ukipeperusha unywele mmoja mtu hutambua. Neva hizo hizo ndizo zinazopeleka taarifa ya joto na mchomo kwenye ubongo. Themolisisi kwa kawaida huhisiwa kama mchomo mfupi na mkali, ilhali galvaniki huhisiwa kama uchungu usio mkali sana lakini unaoongezeka kadiri sekunde zinavyopita.

Sehemu za mwili pia hazilingani. Juu ya mdomo, hasa karibu na pua, huuma zaidi kuliko kwenye taya. Kwapa na sehemu za siri huuma zaidi kuliko mguu. Kwa hiyo anayeanza matibabu hapaswi kuipima safari nzima kwa uchungu wa unywele mmoja ulioota chini ya pua.

Ilianzia kwenye kope

Elektrolisisi haikubuniwa kwa ajili ya urembo. Mwaka 1875, daktari wa macho wa mji wa St. Louis nchini Marekani, Charles Michel, alichapisha maelezo ya namna alivyotumia sindano na umeme kuondoa kope zilizogeukia ndani na kukwaruza jicho. Themolisisi ilifuata katika miaka ya 1920.

Tatizo hilo la kope linafahamika vyema katika ukanda huu. Husababishwa zaidi na trakoma, maambukizi ya macho yanayojirudia hadi kope la juu linajikunja kuelekea ndani. Burundi, jirani ya Rusizi upande wa kusini, ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani, WHO, mnamo Julai 2025 kuwa imeutokomeza ugonjwa huo kama tatizo la afya ya umma. Katika baadhi ya maeneo ya Kenya, Tanzania, Uganda na Ethiopia, upasuaji wa kope umekuwa sehemu ya mapambano hayo kwa miaka mingi.

Historia hiyo ina funzo kuhusu maumivu. Daktari anayechoma mzizi wa kope kwa umeme humdunga mgonjwa sindano ya ganzi kwanza, na hakuna anayemtaka mgonjwa huyo athibitishe ujasiri wake. Hakuna sababu ya kitabibu ya mtu anayeondoa nywele za kidevu kuambiwa avumilie kwa kuwa alitaka mwenyewe.

Maumivu ya kawaida na maumivu ya onyo

Mchomo unaokuja na umeme na kuondoka nao ni wa kawaida. Wekundu, joto na uvimbe mdogo kwa saa chache baada ya matibabu pia ni mambo ya kawaida. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane vizuri, hivyo uvimbe na joto ndivyo vya kutazamwa.

Kuna maumivu mengine ambayo hayapaswi kuzimwa, kwa sababu yanaonyesha kuwa kazi haifanywi sawasawa. Sindano ikiingizwa kwa usahihi, kuingia kwake huwa hakusikiki au husikika kidogo sana. Mteja akihisi kutobolewa kabla umeme haujawashwa, au damu ikitoka, huenda sindano imepita kando ya kinyweleo au imekwenda chini kupita kiasi.

Vilevile, unywele uliotibiwa vyema huteleza na kutoka kwa urahisi. Mteja akihisi kila unywele unang'olewa kwa nguvu kama kwa kibano cha nyumbani, mzizi haujafa. Hapo mtu analipa, anaumia, na unywele utarudi.

Kwa sababu hiyo, ganzi inayoondoa hisia zote ina gharama yake. Mteja asiyesikia chochote hawezi kumwambia mtaalamu kwamba joto limezidi, na katika ngozi nyeusi joto lililozidi huweza kuacha mabaka meusi yanayodumu miezi mingi, au makovu yanayovimba na kukua yaitwayo keloidi.

Maandalizi ya nyumbani

Hatua zinazopunguza maumivu bila dawa huanza siku moja kabla. Mtu aliyelala vizuri huvumilia maumivu kuliko aliyekesha. Aliyekula chakula chepesi na kunywa maji ya kutosha ana uwezekano mdogo wa kupata kizunguzungu kitini.

Kahawa nyingi huweza kuongeza wasiwasi na mapigo ya moyo, hivyo ni bora kuipunguza siku hiyo. Pombe haifai kabisa. Chupa ya urwagwa, bia ya ndizi inayonywewa sana Rwanda, au kinywaji kingine chochote cha kulevya huweza kuongeza kutokwa na damu, na huwa hatari zaidi kikichanganywa na dawa za maumivu.

Wanawake wengi huhisi maumivu zaidi siku chache kabla ya hedhi na mwanzoni mwake. Anayeweza kuchagua tarehe anafaa kuchagua wiki inayofuata baada ya hedhi kwisha.

Nywele nazo zinatakiwa ziwe zimeota milimita chache ili kibano kiweze kuzishika. Kati ya awamu moja na nyingine inaruhusiwa kunyoa au kukata kwa mkasi. Kung'oa kwa kibano, uzi au nta hakufai, kwa sababu huuondoa unywele ambao sindano ingeufuata hadi kwenye mzizi, na huweza kukipinda kinyweleo chenyewe. Kinyweleo kilichopinda ni kigumu kutibu na huuma zaidi.

Dawa za kumeza

Parasetamoli ikimezwa kati ya nusu saa na saa moja kabla ya kuanza huweza kupunguza makali kwa kiasi. Mtu mzima mwenye afya hapaswi kuzidisha gramu 4, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, ndani ya saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini, mwenye uzito mdogo sana au anayekunywa pombe nyingi anahitaji kiwango kidogo zaidi, na anapaswa kumuuliza mhudumu wa afya. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, na nazo huhesabiwa.

Ibuprofeni hupunguza maumivu na uvimbe pia, lakini haifai kwa kila mtu. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo, au mjamzito anapaswa kuiepuka isipokuwa daktari ameruhusu. Aspirini haipendekezwi kabla ya elektrolisisi kwa kuwa huongeza kutokwa na damu. Hata hivyo, mgonjwa aliyeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo hapaswi kuiacha kwa sababu ya nywele bila kuzungumza na daktari wake.

Tramadoli na dawa nyingine zenye nguvu za jamii ya afyuni hazina nafasi katika kazi hii. Zinaweza kupunguza pumzi, kusababisha degedege na kujenga utegemezi. Hatari hizo ni kubwa mno zikilinganishwa na mchomo wa sekunde chache.

Krimu za ganzi: msaada na hatari

Krimu za ganzi zinazotumika zaidi zina lidokaini. Nyingine huchanganya lidokaini na prilokaini, kwa kawaida asilimia 2.5 ya kila moja. Mchanganyiko huo hupakwa kwa tabaka nene kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda, hufunikwa, na huhitaji takriban saa moja ili ufanye kazi. Usoni dawa hupenya haraka zaidi, hivyo muda huweza kuwa mfupi. Kiasi cha kupaka, ukubwa wa eneo na muda wa mwisho huandikwa kwenye karatasi iliyomo ndani ya kasha, na ni mipaka ya kufuatwa kama ile ya dawa ya kumeza.

Krimu ya ganzi haibaki juu ya ngozi. Huingia kwenye damu na kufika kwenye moyo na ubongo. Mambo manne huongeza kiasi kinachoingia: krimu yenye nguvu nyingi, eneo kubwa la mwili, kufunika kwa plastiki, na muda mrefu. Joto huongeza zaidi, na ngozi iliyonyolewa karibuni ikachubuka haiwezi kuizuia dawa kama ngozi nzima.

Mnamo Februari 2007, FDA ilitoa tahadhari kwa umma baada ya wanawake wawili nchini Marekani, mmoja wa miaka 22 na mwingine wa miaka 25, kufariki. Wote wawili walikuwa wamejipaka krimu kali ya ganzi miguuni ili wasiumie wakati wa kuondolewa nywele kwa leza, kisha wakaifunika miguu kwa plastiki kama walivyoelekezwa. Walipata degedege, wakapoteza fahamu na hawakupona. Krimu hizo zilikuwa zimechanganywa na maduka ya dawa kwa viwango vikubwa.

Mnamo Machi 2024 mamlaka hiyo ilionya tena kuhusu bidhaa zinazouzwa kwa ajili ya kupunguza maumivu wakati wa kuondoa nywele au kuchora chale, ambazo zina lidokaini kupita asilimia 4, kiwango cha juu kinachoruhusiwa nchini humo kwa bidhaa za kupaka zinazouzwa bila cheti cha daktari. Iliwashauri watumiaji wasizipake kwenye eneo kubwa, wasizipake kwenye ngozi iliyojeruhiwa, na wasizifunike kwa plastiki au bandeji.

Prilokaini ina tatizo lake la ziada. Ikizidi, huweza kubadilisha damu ili ishindwe kubeba hewa ya oksijeni ipasavyo. Watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD wako katika hatari kubwa zaidi. Upungufu huo hurithiwa, na hupatikana zaidi kwa watu ambao asili yao ni maeneo yenye malaria. Baadhi ya dawa za malaria, kama primakwini, na baadhi ya viuavijasumu vya jamii ya salfa huongeza hatari hiyo.

Kwa wakazi wa bonde la Bugarama, sehemu ya Rusizi iliyo chini na yenye joto kuliko maeneo mengi ya Rwanda, ambako malaria inafahamika vyema, swali hili si la nadharia. Anayetumia dawa ya malaria anapaswa kumwambia mfamasia kabla ya kununua krimu yenye prilokaini.

Rwanda ina Mamlaka yake ya Chakula na Dawa iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 2018, na mwishoni mwa mwaka huo serikali ilianza operesheni ya kuondoa madukani krimu za kung'arisha ngozi zenye haidrokwinoni na zebaki. Tahadhari ile ile inafaa kwa krimu za ganzi. Krimu isiyo na orodha ya viambato, isiyo na kiwango cha dawa wala tarehe ya mwisho wa matumizi haipaswi kupakwa, hata kama muuzaji anaisifu vipi na hata kama rafiki aliitumia bila kudhurika.

Tatizo la safari ndefu

Madaktari bingwa wa ngozi nchini Rwanda hupatikana zaidi katika hospitali kubwa za rufaa, kama Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kigali, CHUK. Kutoka Kamembe hadi Kigali ni zaidi ya kilomita 200 za barabara inayopita katika msitu wa Nyungwe, na basi huchukua saa kadhaa.

Umbali huo huleta vishawishi viwili. Cha kwanza ni kupaka krimu ya ganzi nyumbani alfajiri, kuifunika kwa plastiki na kupanda nayo basi ili ifike ikiwa tayari. Hapa mambo yote ya hatari hukutana: muda mrefu, kifuniko na joto la gari lililojaa abiria. Abiria anayeanza kuona kizunguzungu katikati ya Nyungwe yuko mbali na hospitali. Krimu ipakwe baada ya kufika, mbele ya mtaalamu, na saa ya kuipaka iandikwe.

Cha pili ni kutaka kumaliza uso mzima kwa siku moja ili kuokoa nauli. Kadiri awamu inavyorefuka, ndivyo ngozi inavyovimba na neva zinavyozidi kuchokozeka, na ndivyo nafasi ya makovu inavyoongezeka. Awamu ya kwanza ya dakika 15 hadi 30 inatosha kuonyesha jinsi ngozi inavyoitikia.

Hakuna awamu moja inayoweza kumaliza kazi kwa vyovyote vile. Nywele huota kwa zamu, na zile zilizolala leo zitatokeza baada ya wiki au miezi. Matibabu ya eneo moja huweza kuchukua mwaka mmoja au zaidi. Anayepanga nauli na likizo anapaswa kuanza na hesabu hiyo.

Wakati wa matibabu

Mtaalamu mzuri humuuliza mteja kuhusu afya yake kabla ya kugusa mashine, na hujaribu nywele chache kwanza. Mteja naye ana haki ya kuuliza maswali, na baadhi ya majibu yanahusiana moja kwa moja na maumivu.

Sindano iwe na unene unaokaribiana na wa unywele. Nyembamba mno hukusanya joto katika eneo dogo na kuuma zaidi. Zipo pia sindano zilizofunikwa sehemu ya juu ili umeme utoke kwenye ncha tu, na baadhi ya wateja huziona kuwa na maumivu kidogo kwa sababu tabaka la juu la ngozi haliungui.

Nywele zilizo jirani kabisa zisitibiwe mfululizo. Kuruka kutoka sehemu moja hadi nyingine huipa ngozi nafasi ya kupoa. Kiwango cha umeme kianze chini na kupandishwa polepole hadi pale unywele unapoteleza, kisha kisipite hapo.

Barafu iliyofungwa katika kitambaa safi ikiwekwa dakika chache kabla na baada husaidia. Isiwekwe moja kwa moja kwenye ngozi, kwani nayo huunguza. Baadhi ya wataalamu hubonyeza ngozi kwa kidole karibu na sindano, kwa sababu mguso huo hushindana na taarifa ya maumivu inayoelekea ubongoni.

Pumzi ina kazi yake pia. Kuvuta hewa polepole na kuitoa sindano inapowashwa huzuia misuli kukaza. Muziki au mazungumzo huondoa mawazo kwenye sindano. La muhimu zaidi ni kukubaliana mapema ishara ya kusimama, kama kuinua mkono. Mtu anayejua kwamba anaweza kusimamisha kazi wakati wowote huwa na hofu ndogo, na hofu ikipungua maumivu nayo hupungua.

Iwapo hatua zote hizo hazitoshi, daktari au daktari wa meno anaweza kudunga sindano ya ganzi katika eneo dogo kama juu ya mdomo. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye leseni, mahali penye vifaa vya kumhudumia mgonjwa akipata mzio. Haipaswi kufanywa saluni.

Sindano na maambukizi

Kila mteja anapaswa kufunguliwa sindano mpya mbele ya macho yake, itumike kwake tu na itupwe. Sindano iliyotumika kwa mwingine huweza kubeba virusi vya homa ya ini aina ya B na C, na VVU. Rwanda ilizindua mpango wa kutokomeza homa ya ini aina ya C mnamo Desemba 2018, na kuzuia matumizi ya sindano moja kwa watu wawili ni sehemu ya juhudi ambazo kila mwananchi anaweza kuzilinda.

Elektrolisisi haipaswi kufanywa kwa mtu mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo bila idhini ya daktari wa moyo. Mjamzito kwa kawaida hushauriwa kusubiri. Mwenye kisukari, mwenye historia ya keloidi, mwenye kifafa, au anayetumia dawa za kuyeyusha damu anapaswa kumwona daktari kwanza. Anayepata vidonda vya homa mdomoni asubiri vipone.

Baada ya matibabu

Maumivu ya baadaye hutegemea usafi na subira. Kitambaa baridi na safi kiwekwe kwa vipindi vya dakika chache. Ngozi isiguswe kwa mikono, na vipodozi viachwe kwa angalau saa 24. Jua kali liepukwe kwa kofia, mtandio au mwavuli, kwa sababu huongeza uwezekano wa mabaka meusi.

Magamba madogo yakitokea yaachwe yaanguke yenyewe. Krimu za kung'arisha zisitumike kufuta alama. Mbali na kupigwa marufuku nchini Rwanda zile zenye haidrokwinoni na zebaki, huichokoza ngozi ambayo bado haijapona.

Maumivu yanapaswa kupungua siku hadi siku. Yakiongezeka baada ya siku moja au mbili, yakiambatana na usaha, joto kali la ngozi au homa, mgonjwa aende kituo cha afya. Wilaya ya Rusizi ina hospitali za Gihundwe na Mibilizi kwa wanaohitaji rufaa.

Dalili za hatari baada ya kupaka ganzi

Anayepaka krimu ya ganzi hapaswi kuwa peke yake. Dalili za kwanza za dawa kuzidi mwilini ni ganzi ya ulimi na midomo, ladha ya chuma mdomoni, mlio masikioni, kizunguzungu, kuona ukungu na kutetemeka. Zinaweza kufuatwa na degedege na moyo kudunda bila mpangilio.

Prilokaini ikizidi, midomo, fizi na kucha huweza kugeuka rangi ya bluu au kijivu, na mgonjwa hukosa pumzi. Kwenye ngozi nyeusi, sehemu hizo tatu ndizo za kuangaliwa.

Katika hali hizo, krimu ifutwe na eneo lioshwe mara moja, na mgonjwa apelekwe hospitali akiwa na kasha la dawa hiyo mkononi. Nambari ya simu ya gari la wagonjwa nchini Rwanda ni 912.

Kabla ya yote, uchunguzi

Nywele nyingi usoni mwa mwanamke huweza kuwa za kurithi tu. Wakati mwingine ni dalili ya mabadiliko ya homoni, hasa zikiambatana na hedhi inayoruka, chunusi nyingi, kuongezeka uzito au ugumu wa kushika mimba. Chanzo kimoja cha kawaida ni ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi, unaofahamika kwa kifupi kama PCOS. Katika maelezo yake ya mwaka 2023, WHO ilikadiria kuwa unawapata kati ya asilimia 8 na 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 ya walio nao duniani hawajui.

Nywele zilizotokea ghafla na kuenea haraka, zikifuatana na sauti kuwa nzito, zinahitaji kuchunguzwa bila kuchelewa.

Uchunguzi huo unaweza kuanzia katika kituo cha afya kilicho karibu, kwa kumweleza mhudumu tarehe za hedhi na wakati nywele zilipoanza kuota. Homoni zisipotibiwa, nywele mpya zitaendelea kuota pembeni mwa zile zilizochomwa, na mgonjwa atarudi kwenye sindano mara nyingi kuliko alivyohitaji. Kila awamu inayoepukwa kwa njia hiyo ni maumivu ambayo hayakuhitaji dawa yoyote ya kuyatuliza.